Chawa Kichwani Si Hatia ya Mwanafunzi

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wakikuyu, ambao ni wakulima wengi huko Ndabibi, karibu na Ziwa Naivasha, wanayo methali iyo hiyo, ila chawa wao humwita ndaa. Ajabu ni kuwa hekima hii huachwa mlangoni pa darasa. Mwanafunzi akionekana akijikuna, huchekwa na wenzake, huitwa mchafu, na pengine hurudishwa nyumbani hadi anyolewe.

Adhabu hiyo haina msingi. Chawa wa kichwani hachagui nywele safi au chafu. Hana mabawa wala haruki. Hutambaa kutoka kichwa hadi kichwa watoto wanapoinamia kitabu kimoja, au wanapolala pamoja kujikinga na baridi ya usiku. Tena haenezi maradhi. Anayeweza kueneza homa za hatari ni chawa wa mwilini, aishiye katika nguo.

Kumwangamiza kwahitaji subira kuliko ukali. Mayai yake hugandamana na unywele karibu na ngozi, na huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10. Ndiyo sababu dawa ya mara moja aghalabu haitoshi. Hurudiwa baada ya siku 9 hivi. Asiye na dawa aloweshe nywele na kuzichana kwa kitana chenye meno yaliyobanana, kila baada ya siku chache, kwa majuma mawili au zaidi. Kunyoa pia husaidia, mradi wembe usichangiwe. Mafuta ya taa na dawa za kunyunyizia mimea visipakwe kamwe, kwani huunguza na hata kuua.

Aidha, chawa wasichanganywe na mapunye. Mabaka yenye magamba, yanayokatika nywele, ni ukuvu, na tiba yake ni vidonge vya majuma kadhaa kutoka zahanati.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yakataza kumtendea mwanafunzi kwa namna ya kumdhalilisha. Kumsimamisha mtoto mbele ya gwaride kwa sababu ya mdudu ni udhalilishaji. Yafaa mwalimu awaarifu wazazi wote kwa pamoja, vichwa vyote vikaguliwe nyumbani siku moja, naye mtoto aendelee na masomo. Hapo ndipo kidole cha pili kitakapopatikana.