Herufi za Katuni Katika Tanzia

Miaka michache iliyopita nilimwandikia marehemu mwalimu mwenzangu tanzia ya beti saba. Siku ya mazishi nikapewa ratiba iliyochapwa steshenari, na humo nikaziona beti zangu zikichekacheka: zimepigwa kwa Comic Sans. Herufi hizo ni pana. Mishororo ya mizani 16 haikuenea katika karatasi iliyokunjwa mara mbili, vina vya mwisho vikaangukia mstari wa chini, kimoja kimoja, kama watoto walioachwa na basi. Aliyepewa kuisoma mbele ya jeneza akakwama ubeti wa pili. Tangu siku ile nikajiunga na wanaozilaani herufi hizo.

Leo nazitetea, ingawa si mbele ya jeneza.

Vincent Connare alizichora mwaka 1994 akiwa mfanyakazi wa Microsoft. Alikuwa ameonyeshwa programu iitwayo Microsoft Bob, iliyokusudiwa wageni wa kompyuta, ambamo mbwa wa katuni alisema kwa herufi za Times New Roman. Connare akaona haielekei mbwa wa katuni anene kwa sauti ya gazeti. Akatazama vitabu vya katuni alivyokuwa navyo, akachora herufi zisizo na vijiguu, zenye ncha za mviringo, kana kwamba zimeandikwa kwa kalamu nene na mkono usio na haraka. Programu ile ilitoka bila kuzitumia. Hata hivyo zilisambaa pamoja na Windows 95, zikafika kila ofisi.

Basi aliyezibuni alikuwa akilisahihisha kosa lile lile nililotendewa, ila kwa upande wa pili. Mshairi anayechagua bahari kwa kufuata maudhui hana haki ya kumcheka.

Itazameni herufi a. Katika chapa nyingi za vitabu ina kipaa juu ya tumbo. Katika Comic Sans ni duara na kijiti, kama tulivyofunzwa chuo cha ualimu kuiandika ubaoni, tena tukisahihishwa kwa ukali. Katika Kiswahili hakuna herufi itokeayo mara nyingi kuliko hiyo. Mtoto wa darasa la kwanza anayesoma neno “baba” hana sababu ya kuhangaishwa na maumbo mawili ya kitu kimoja. Chama cha disleksia cha Uingereza nacho kinaitaja Comic Sans miongoni mwa chapa zinazowafaa wasomaji wanaotatizwa na herufi. Kwa hiyo vitendawili, nyimbo za michezo na mashairi ya watoto tuyachape kwayo bila haya. Kwa shairi la watu wazima, hasa lenye vina vya kati, nashauri chapa nyembamba itakayouacha mshororo ukae mzima; jicho likikatizwa njiani, sikio nalo hupoteza kina.

Tanzia yangu niliichapa upya kwa herufi zenye vijiguu, kila mshororo mahali pake, nikampelekea mjane. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, kisha akaiweka mezani.

“Ahsante sana, Mwalimu,” akasema. “Lakini ile ya kwanza naisoma bila miwani.”