Kura Zisizomwona Mlinda Mlango



Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Juma hili napenda tutafakari juu ya wale waliokabidhiwa pete, nao wakakizoea chanda kimoja tu.

Kila mwaka waandishi wa habari za michezo humpigia kura mwanasoka bora, naye hutunukiwa Ballon d'Or, yaani Mpira wa Dhahabu. Tuzo hiyo iliasisiwa na jarida la Ufaransa, France Football, mwaka 1956. Hapo awali ilikuwa ya wachezaji wa mataifa ya Ulaya. Mwaka 1995 ikafunguliwa kwa yeyote achezaye katika vilabu vya Ulaya, na mwaka 2007 kwa dunia nzima. Mipaka imepanuka, macho ya wapiga kura hayajapanuka.

Tangu 1956 hadi 2025, ni mlinda mlango mmoja tu aliyeipata: Lev Yashin wa Umoja wa Kisovyeti, mwaka 1963. Mmoja tu! Je, tusadiki kwamba kwa zaidi ya miaka 60 hakutokea mwingine aliyestahili?

Mtazameni Oliver Kahn. Katika Kombe la Dunia la 2002, Ujerumani ilifika fainali ikiwa imefungwa bao 1 tu katika mechi 6, na Kahn akateuliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano. Katika fainali, mkwaju wa Rivaldo ulimponyoka, Ronaldo akaumalizia wavuni, na Brazil ikashinda 2-0. Kura za mwisho wa mwaka zilipohesabiwa, Ronaldo alikuwa wa kwanza, Kahn wa tatu. Simnyimi Ronaldo haki yake. Mabao 8 si haba. Ninacholaumu ni mizani. Mshambuliaji akikosa mara kumi na kufunga mara moja, huimbwa. Mlinda mlango akiokoa mara kumi na kuteleza mara moja, hukumbukwa kwa kuteleza.

Watanijibu kwamba mabao ndiyo yanayoleta ushindi. Lakini bao lililozuiwa lina uzito uleule wa bao lililofungwa. Tofauti ni kwamba halisomeki ubaoni. Watasema pia kwamba tangu 2019 walinda mlango wanayo tuzo yao, iitwayo kwa jina la Yashin. Hilo ndilo linalonisikitisha zaidi! Anayestahili kuketi meza kuu hutengewa sahani jikoni, kisha huambiwa ashukuru.

Mwandishi aliyepewa kura amepewa dhamana ya kuona yale ambayo umati hauyaoni. Akihesabu mabao tu, kuna haja gani ya kumwuliza? Ubao wa matokeo ungetosha.

Nasi tusiwacheke. Nyumbani na kazini twampigia makofi amalizaye, tukimsahau aliyekesha ili jambo lisiharibike. Juma hili, kila mmoja wetu amtafute mlinda mlango wake, amshukuru kwa jina.