Mahali pa kuishi achague mwenye kuishi

TUCHUKULIE, msomaji, kwamba umeambiwa leo uchague mahali popote duniani ukaishi, na nauli umelipiwa. Ungekwenda wapi? Wengi wetu tungetaja London, Dubai au Marekani bila kusita.

Wapo wataalamu waliolifanya swali hili kuwa kazi. Kila mwaka kitengo cha utafiti cha jarida la The Economist la Uingereza hutoa orodha ya miji inayofaa zaidi kuishi. Hupima mambo matano: utulivu, afya, utamaduni na mazingira, elimu na miundombinu. Mwaka 2025 Copenhagen ya Denmark ilishika nafasi ya kwanza kati ya miji 173, baada ya Vienna kuongoza miaka mitatu mfululizo.

Kwa vipimo hivyo, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma kwa jirani zetu wa Msumbiji, ingeburuta mkia. Vita vilianza Oktoba 5, 2017 katika mji wa Mocímboa da Praia. Machi 24, 2021 ikawa zamu ya Palma. Vilipopamba moto, karibu watu milioni moja walikuwa wameyakimbia makazi yao.

Hata hivyo, watu wamerudi. Mocímboa da Praia, iliyotekwa Agosti 2020 na kukombolewa mwaka mmoja baadaye na majeshi ya Msumbiji na Rwanda, ilianza kuwapokea wenyewe wake mwaka 2022. Kufikia 2024 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) lilikuwa limehesabu zaidi ya watu 600,000 waliorejea makwao Cabo Delgado. Wamerudi kwenye nyumba zilizochomwa na zahanati zilizobomolewa. Wala si kwamba hatari imekwisha, kwani Septemba 2025 wauaji waliingia tena Mocímboa da Praia.

Tujiulize, wamefuata nini?

Wamefuata riziki na watu wao. Mvuvi wa pwani ile anajua mwamba upi una changu na upi una tasi, na anajua kusi ikivuma ajifiche wapi. Mkewe anajua siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, aende wapi kuokota pweza na kombe. Mpeleke mjini Pemba, makao makuu ya mkoa, au kambini Metuge, na elimu yote hiyo inakosa kazi. Anabaki kusubiri mchele wa msaada. Tena kwao ndiko yaliko makaburi ya wazee wake na majirani watakaomzika. Mambo hayo hayamo katika vipimo vitano vya wataalamu.

Sasa tutazame rasi ya Afungi, hapo hapo wilayani Palma. Kampuni ya Anadarko ya Marekani iligundua gesi baharini mwaka 2010. Mwaka 2019 mradi huo, wenye thamani ya dola bilioni 20, ulichukuliwa na Total ya Ufaransa, ambayo leo inaitwa TotalEnergies. Zilitengwa kiasi cha hekta 7,000 za ardhi, na familia zaidi ya 500 zikatakiwa kupisha mradi. Zikajengewa kijiji kipya cha Quitunda.

Hakuna ubishi kwamba nyumba za Quitunda ni imara, zimeezekwa bati na umeme umefikishwa. Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango. Wavuvi waliozoea kuamka alfajiri na kushuka ufukweni kwa miguu walijikuta wako mbali na bahari, wakitegemea kusafirishwa. Mashamba ya kufidia yale waliyoyaacha yalitakiwa kupatikana kwa majirani kama Senga, ambao nao ni wakulima. Mashambulizi ya 2021 yaliposimamisha mradi, fidia na ugawaji wa mashamba navyo vikakwama. Ripoti ya Jean-Christophe Rufin, iliyoagizwa na kampuni yenyewe na kutolewa 2023, ililieleza tatizo hilo.

Tuwe wakweli, Quitunda iliwahi kuokoa watu. Palma ilipovamiwa, maelfu walikimbilia huko kwa sababu ni karibu na eneo la mradi, palipokuwa na askari. Lakini kukimbilia mahali si kupachagua.

Kwa watu wa Cabo Delgado, kupangiwa mahali pa kuishi si jambo geni. Katika vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 25, 1964, Wareno waliwakusanya wananchi kwa maelfu katika vijiji vilivyolindwa na askari, ili wasiwasaidie wapiganaji wa Frelimo. Baada ya uhuru wa 1975, Frelimo nayo ikaleta vijiji vyake vya pamoja. Sisi Watanzania hatuna haki ya kuwacheka. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na wazee wetu wanakumbuka operesheni zilizofuata.

Nia za wakubwa hao hazikufanana hata kidogo. Mkoloni alitaka kutawala, Frelimo na TANU zilitaka maendeleo, na leo inatakiwa gesi. Kinachofanana ni kwamba aliyechagua mahali si yule aliyekwenda kuishi hapo.

Ieleweke kwamba tatizo si ukosefu wa sheria. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya 1997 inamtambua mwananchi aliyekaa kwenye ardhi kwa nia njema miaka 10, hata kama hana hati, na inataka jamii ishirikishwe. Tatizo ni kwamba mwenyeji huitwa mkutanoni wakati ramani imekwisha kuchorwa. Anaulizwa kama amekubali, haulizwi anataka nini.

Atatokea wa kusema kwamba nchi maskini haiwezi kuacha utajiri chini ya bahari kwa ajili ya ngalawa chache. Sisemi gesi iachwe. Sisi wa pwani tuna msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni amekwisha kuja, na Novemba 2025 ametangaza kwamba kizuizi kilichosimamisha kazi kimeondolewa. Tunachouliza ni lini mwenyeji atapona.

Nionavyo mimi, dawa haina ugumu. Shamba jipya likabidhiwe kabla ya lile la zamani kuchukuliwa. Njia ya wavuvi kufika baharini iandikwe kwenye mkataba, isiwe hisani ya meneja aliyepo. Na mkimbizi aliyeko kambini arudi kwao kwa hiari yake, au abaki kwa hiari yake, asisukumwe kwa kupunguziwa chakula.

Nasi tuna la kujibu. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR) lilisema zaidi ya watu 9,000 waliovuka Ruvuma kuja kwetu walirudishwa kwa nguvu. Hofu ya serikali ilikuwa na sababu, kwani Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilishambuliwa na watu waliotoka ng'ambo. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni hakuja kuchagua Tanzania kama mtu achaguavyo Dubai. Alikuja kuokoa roho. Tena ni ndugu yetu, maana Wamakonde wako kingo zote mbili za mto, na Kimwani anachozungumza jirani wa pwani hakiko mbali na Kiswahili chetu.

Isitoshe, zamu yetu inakuja. Likong'o, mkoani Lindi, imetengwa kwa ajili ya mtambo wa kuchakata gesi ya aina hiyo hiyo. Kabla mkandarasi hajaleta greda, wizara ipeleke viongozi wa wavuvi na wakulima wa Lindi wakawasikilize wenzao wa Quitunda, kwa lugha wanayoelewana. Wakirudi, waulizwe wao kwanza wanataka kuishi wapi, ndipo mchoraji wa ramani aitwe.