Gapi Wakizaa, Watapelekwa Wapi?



Ndugu wazazi na walezi, leo tunaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo: samaki wa mapambo wanaofugwa ndani ya tangi la kioo, na hasa huyu anayeitwa gapi. Tunalileta kwenu kwa sababu limeingia majumbani mwetu hapa Bujumbura, watoto wanalipenda, na sisi wenyewe tumelikosea kabla hatujalielewa.

Mzazi mmoja alituletea tangi la lita 60 pamoja na gapi 6, madume wawili na majike wanne. Tukaliweka sebuleni, pale watoto wanaposomea baada ya alasiri. Baadaye tukaongeza samaki wengine wadogo wapole. Watoto walifurahi mno! Aliyehifadhi somo lake ndiye aliyepewa zamu ya kulisha. Baada ya wiki chache tukaona vifaranga, tukashukuru. Mwezi uliofuata wakaja wengine, na wengine tena. Ilipofika miezi mitano hatukuweza tena kuwahesabu, na kila mtoto alikuwa akitupia chakula kwa huruma yake.

Usiku mmoja umeme ulikatika, na pampu ya hewa ikasimama. Asubuhi tukawakuta samaki wote wako juu ya maji, wanahema kwa shida. Mpaka adhuhuri tulikuwa tumetoa 37 waliokufa. Mtoto mmoja wa miaka kumi akatuuliza, "Ustadh, sisi ndio tuliowaua?" Tulinyamaza kidogo, kisha tukamwambia ndiyo, kwa kutojua kwetu. Tungeweza kulisingizia giza la usiku ule, lakini lingekuwa jibu la uongo. Tangi lenye samaki wachache lingevumilia usiku mmoja bila pampu, ila letu lilikuwa limejaa kupita kiasi.

Sasa gapi ni samaki wa namna gani? Asili yake ni kaskazini mwa Amerika ya Kusini, nchi kama Venezuela na Guyana, pamoja na kisiwa cha Trinidad. Mjerumani Wilhelm Peters alimwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1859. Jina la gapi lenyewe limetokana na Robert John Lechmere Guppy, ambaye katika miaka ya 1860 alipeleka samaki hawa kutoka Trinidad hadi jumba la makumbusho la London. Dume ni mdogo, mwenye mkia wa rangi nyingi. Jike ni mkubwa zaidi, na rangi zake ni hafifu.

Jambo la kuzingatia ni uzazi wake. Gapi hatagi mayai, huzaa vifaranga walio hai, wanaoogelea tangu wanapozaliwa. Mimba huchukua majuma matatu hadi manne hivi, na jike aliyekomaa huweza kuzaa 20 au 30 kwa mkupuo mmoja, wakati mwingine hata zaidi. Vifaranga wenyewe huwa tayari kuzaa wakifika miezi miwili au mitatu. Na zaidi ya hayo, jike huhifadhi mbegu za dume mwilini mwake, akaweza kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa bila dume kumkaribia tena. Basi mnaponunua jike mmoja sokoni, mara nyingi mmenunua na watoto wake ambao hamjawaona.

Ndiyo maana tunasema, kumzalisha gapi si ufundi wa kujivunia. Atazaa tu, mpende msipende. Swali la mwenye akili ni hili: wakizaa, watapelekwa wapi? Na swali hilo liulizwe kabla ya samaki kuingia nyumbani, si baada ya tangi kujaa.

Sisi tulipokwama, jirani mmoja mwenye nia njema alituambia, "Ustadh, mto Ntahangwa huo hapo, kamwageni huko wapate uhuru wao." Watoto wakafurahi, wakakimbilia ndoo. Tuliwazuia, na tunataka kueleza kwa nini.

Ntahangwa inaingia Ziwa Tanganyika. Ziwa hili ni nyumba ya aina nyingi za samaki ambao hawapatikani penginepo duniani, na wengine ni wazuri kiasi kwamba Mbelgiji Pierre Brichard aliishi hapa Burundi akiwasafirisha kwa wafugaji wa nchi za nje, akaandika na vitabu juu yao. Tena ziwa hilo ndilo linalotupa ndagala na mukeke wa kitoweo. Mwaka 2003 nchi nne zinazolizunguka, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza kwa pamoja. Je, sisi tuanze kulimiminia mageni kwa ndoo?

Angalieni yaliyotokea Ziwa Victoria. Sangara wa Mto Nile (si sangala wetu wa Tanganyika) alitiwa kule miaka ya 1950 na 1960 kwa nia ya kuongeza samaki wa kuvuliwa. Pesa ilipatikana, hilo hatulikatai, lakini aina nyingi mno za furu zilipungua au zikapotea kabisa. Gapi si sangara, hana meno ya kumla mkubwa mwenzake. Lakini gapi ni mvumilivu wa maji machafu, hula vijidudu na mayai ya samaki wengine, na jike mmoja tu mwenye mimba anatosha kuanzisha ukoo mpya mahali ambapo hakuwepo. Na akishaenea mtoni, hakuna atakayeweza kumtoa.

Wako watakaosema: lakini gapi anakula viluwiluwi vya mbu, na malaria inatumaliza! Ni kweli anawala, na kwa sababu hiyo alisambazwa nchi nyingi za joto katika karne iliyopita. Ila hata huko alikopelekwa, si kila mahali mbu walikwisha, na gapi wamebaki katika mito ya watu mpaka leo. Mwenye kisima cha saruji kilichofungwa uani kwake, kisichotoa maji nje hata mvua ikinyesha, anaweza kuweka gapi wachache. Mfereji na mto, hapana. Dhidi ya malaria tulaleni ndani ya chandarua, tufukie madimbwi, tumpeleke mtoto mwenye homa kupimwa mapema.

Wengine watasema kinyume chake, kwamba mambo haya ni upuuzi, mtoto asome kitabu chake aache samaki. Hatuafikiani nao. Mtume (s.a.w.) alimkuta mtoto Abu Umayr na huzuni kwa kufiwa na kidege chake, akazungumza naye kwa upole, na wanazuoni wakachukua humo ruhusa ya mtoto kufuga kiumbe, maadamu anakitunza. Na ni Mtume huyo huyo aliyetuhadithia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutia. Samaki aliye ndani ya kioo naye hana pa kwenda. Chakula chake, maji yake na hewa yake, vyote viko mikononi mwetu. Hiyo ni amana.

Kwa hiyo rai yetu kwa kila familia ni hii:

Kwanza, asiye na mahali pa kupeleka vifaranga afuge madume watupu. Wao ndio wenye rangi, na tangi halitajaa.

Pili, anayetaka watoto waone uzazi aweke dume mmoja kwa majike wawili au watatu, ili majike wasisumbuliwe mno, na apate mapema familia zitakazopokea vifaranga. Wakikaribia mwezi mmoja, pezi la chini la dume huanza kuwa jembamba kama kijiti. Hapo watenganishwe, madume kwao na majike kwao.

Tatu, gapi wakubwa hula vifaranga. Msiposongamanisha majani mengi ya kujificha, idadi itapungua yenyewe. Waelezeni watoto ukweli huo, wasije wakashtuka.

Nne, maji. Kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia, nayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wazuri wanaoiondoa huchukua majuma manne hadi sita kujijenga katika tangi jipya, basi anzeni na samaki wachache sana. Kila wiki badilisheni robo ya maji. Maji ya bomba yenye klorini yakae ndooni mdomo wazi siku nzima kwanza. Sponji ya chujio ioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini, isioshwe kwa maji ya bomba, maana klorini itawaua bakteria hao.

Tano, chakula kiwe kile wanachokimaliza kwa dakika mbili, na mlishaji awe mmoja kwa siku.

Sita, msiwachanganye na samaki waliovuliwa ziwani. Wengi wao ni wakali, na gapi kwao ni chakula.

Saba, wala samaki wala maji ya tangi visimwagwe mtoni wala mferejini. Maji mwagieni mimea ya uani, yanaifaa.

Sisi tumebaki na madume 9. Waliobaki wamegawiwa familia tatu, na kila familia ilikuja kwanza kukaa nasi na kujifunza kubadilisha maji kabla ya kukabidhiwa. Yule mtoto aliyetuuliza swali ndiye sasa anayeandika daftari la tangi: siku ya maji, zamu ya kulisha, idadi ya samaki. Juzi alikuja mwenzake akitaka apewe wawili, dume na jike. Akamuuliza, "Wakizaa utawapeleka wapi?" Mwenzake hakuwa na jibu, akapewa madume wawili.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa wenye huruma kwa viumbe Vyake na wenye kutimiza amana, kubwa na ndogo. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.