Nani Kakwambia?

Umezuka wimbo mmoja mbaya miongoni mwetu sisi vijana tunaojiita waandishi. Mpeleke mtu kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo huru iliyoanzishwa mwaka 2003, aandike habari za kwao. Siku ya pili anarudi kanuna. Makala yake imefutwa, au imebandikwa kibao kwamba haina vyanzo. Basi hapo anaanza: ule ni ukoloni, wazungu hawaamini midomo ya wazee wetu, na kadhalika na kadhalika. Mimi nasema huo ni uvivu, na mara nyingi anayeimba kwa sauti kubwa ndiye ambaye hajawahi kumwuliza mzee yeyote jambo lolote.

Hebu tuulizane, ndugu msomaji. Sisi watu wa pwani hii, tangu lini tumekuwa wa kupokea neno lisilo na mwenyewe? Mtoto wa chuoni anajua kwamba hadithi ya Mtume haisimami peke yake, ina isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Wanazuoni walikaa wakawachunguza wapokezi mmoja mmoja: huyu mkweli, huyu kumbukumbu yake dhaifu, huyu hakupata hata kuonana na yule anayedai kumsikia. Kazi hiyo ilifanywa karne nyingi kabla ya kompyuta. Kijana wa Fukayosi akiulizwa "nani kakwambia?" asijifanye kaletewa kitu kigeni kwa meli.

Chukueni hata jina la Bagamoyo. Wengine husema ni kilio cha mtumwa aliyeuacha moyo wake pwani kabla ya kuvushwa. Wengine husema ni pumzi ya mpagazi aliyetua mzigo baada ya safari ndefu ya bara, moyo ukatulia. Mambo mawili yasiyofanana hata kidogo! Mgeni wa Wikipedia huandika lile alilolisikia mwisho, tena kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo. Kanuni ya vyanzo haimwambii anyamaze. Inamtaka aseme nani anadai hivi, nani anadai vile, na kayasema wapi, ili mimi ninayesoma nikatazame mwenyewe.

Walimu wao nao siwaachi. Semina niliyoiona mimi, vijana walionyeshwa mahali pa kubofya na mahali pa kubandika anwani ya tovuti, basi, chai ikaletwa. Wakatoka wakiamini tanbihi ni pambo la chini ya ukurasa. Ndiyo maana wanabandika chochote: blogu iliyonakili gazeti, na gazeti lenyewe limenakili Wikipedia. Mwaka 2009 kampuni ya Google ilianzisha shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Tanzania na Kenya. Makala zikaja kwa mamia, zawadi zikatolewa, na wengi wa waandishi hao hawakuonekana tena.

Najua jibu lenu: wazee wetu hawajaandikwa popote, tunukuu nini? Hapo mna haki, na swali hilo silikimbii. Mwaka 2011 Achal Prabhala na wenzake walirekodi sauti za watu India na Afrika Kusini ili rekodi zenyewe zitumike kama vyanzo, na ubishi ukawa mkubwa. Lakini sisi tuna mfano wa hapa hapa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, Bagamoyo, aliandika desturi za Waswahili: uzazi, harusi, ngoma, misiba, madeni. Kitabu kilichapwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903, na jina lililokaa juu ya jalada ni la Carl Velten. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen mwaka 1981 ndipo jina la Mtoro likapandishwa kwenye jina la kitabu. Miaka 78, jamani! Na maneno ni yaleyale ya barazani. Yalipokuwa mdomoni hayakuwa chanzo, yalipopigwa chapa wasomi wakayanukuu.

Basi tuchape sisi, na safari hii jina la msemaji likae juu. Jarida hili litenge kurasa 2 kila toleo. Kijana aende kwa mzee na daftari, aandike: nani kasema, ana umri gani, aliyaona kwa macho au alisimuliwa na nani, nani aliuliza, kijiji gani, tarehe ngapi. Kisha aende kwa mzee wa pili, yule asiyeelewana na wa kwanza, aandike na ya huyo. Mhariri asome, apinge, arudishe. Ndipo tuingie Wikipedia na toleo mkononi. Wakabidhi wakisema jarida letu ni dogo mno, ukurasa wa majadiliano upo na uko wazi kwa kila mtu. Tutakutana huko.