Ukinzani Usiopimwa: Hoja Juu ya Sigara za Elektroniki Zisizo na Kinga

Sigara ya elektroniki ilianza kujulikana baada ya mwaka 2003, pale mfamasia wa Kichina, Hon Lik, alipobuni chombo cha kugeuza maji yenye nikotini kuwa mvuke. Katika makala hii sikusudii kuizungumzia nikotini, kwani madaktari wamekwisha kutueleza vya kutosha jinsi inavyomfanya mtu kuwa mtumwa wake. Nakusudia kuuzungumzia umeme uliomo ndani ya chombo hicho, na hasa ndani ya aina yake moja ambayo imeachwa bila kinga yoyote. Rai yangu ni kwamba chombo cha aina hiyo hakistahili kuuzwa kwa mtu ambaye hana kipimo wala elimu ya kupima. Na kwamba wale ambao tayari wanacho, wana haki ya kuelezwa kwa lugha wanayoielewa yale yanayowapasa kuyajua.

Yafaa kwanza tutofautishe aina mbili. Katika sigara nyingi za elektroniki zinazouzwa leo, kati ya betri na koili kuna kibao kidogo cha elektroniki. Kibao hicho hupima ukinzani wa koili, huweka mpaka wa mkondo, na hukata umeme iwapo kuna shoti au iwapo betri imeishiwa. Aina ya pili ni ile ya kimakanika. Hiyo ni bomba la metali tu, aghalabu la shaba au la aloi ya shaba na zinki, lenye betri ndani, kitufe chini, na koili juu. Kitufe kikibonyezwa, betri huunganishwa moja kwa moja na koili. Hakuna kibao, hakuna fyuzi, hakuna kitu chochote kinachouliza kama mkondo unaopita ni wa kiasi au umezidi. Kazi yote iliyokuwa ikifanywa na kibao imehamishiwa kwa mtumiaji, hata kama hajui kwamba amekabidhiwa kazi hiyo.

Uzito wa jambo hili unaonekana tukiitazama kanuni ambayo Mjerumani Georg Simon Ohm aliichapisha mwaka 1827, nayo ni kwamba mkondo ni sawa na volti zikigawanywa kwa ukinzani. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2. Koili yenye ukinzani wa omu 0.5 itapitisha mkondo wa ampea 8.4 na kutoa joto la wati 35 hivi. Tukishusha ukinzani hadi omu 0.2, mkondo unakuwa ampea 21. Tukishusha hadi omu 0.1, hesabu inatupa ampea 42, yaani mkondo ambao hata pasi na jiko la umeme vya nyumbani vikiwashwa pamoja kwa kawaida havifikii. Ni kweli kwamba betri yenyewe ina ukinzani kidogo ndani yake, na kwa hiyo mkondo halisi utapungua kiasi. Lakini joto la ukinzani huo wa ndani hubakia humo humo ndani ya betri, mahali ambapo hatulitaki kabisa.

Betri inayotumika zaidi katika mabomba hayo ni ile yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zile zilizotengenezwa kwa kazi nzito zinahimili mkondo wa ampea 20 hadi 25 mfululizo. Zile zinazotolewa katika kompyuta za mkononi zilizokufa, ambazo mafundi wetu huziokota na kuzitumia katika tochi, nyingi hazikukusudiwa kupita ampea 5 hivi. Kwa macho, zote mbili zinafanana. Tena ziko betri zenye maandishi ya uongo juu ya ganda lake, zikijisifia uwezo wa miliampea-saa 9900, ilhali betri bora za ukubwa huo hazipiti 4000 hivi. Betri ya kawaida ya aina hii ina nishati ya kutosha kuchemsha nusu kikombe cha maji. Nishati hiyo ikitoka kwa saa nzima haina madhara. Lakini betri ikizidiwa na joto, ikaanza kujichemsha yenyewe, nishati yote hutoka kwa sekunde chache, na maji yake ya kemikali, ambayo ni rahisi kushika moto, huongeza moto juu ya moto. Bomba likiwa halina matundu ya kutosha ya kutolea gesi, huwa halina tofauti na mtutu wa bunduki.

Haya si mambo ya kukisia. Idara ya Zimamoto ya Serikali Kuu ya Marekani ilikusanya habari za ajali 195 za moto na milipuko ya sigara za elektroniki za aina zote zilizotokea nchini humo kati ya mwaka 2009 na 2016. Watu 133 waliumia, na kati yao 38 waliumia vibaya. Mwaka 2018, katika jimbo la Florida, mtu mmoja alifariki baada ya chombo cha aina ya kimakanika kulipuka. Mwaka 2019 kifo kingine kilitokea Texas kwa mlipuko wa sigara ya elektroniki. Ukilinganisha na mamilioni ya watumiaji, hesabu hii ni ndogo. Hata hivyo, ajali ambayo chanzo chake kinaweza kupimwa kabla haijatokea haiwezi kuitwa bahati mbaya.

Je, koili hupimwaje? Wengi watajibu kwamba inatosha kuchukua mita ya kawaida ya fundi na kugusisha ncha zake. Jibu hilo linahitaji kuangaliwa upya. Mita nyingi za bei nafuu huonyesha ukinzani kwa hatua za omu 0.1, na nyaya zake peke yake zinaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.1 hadi 0.3. Kupima koili ya omu 0.2 kwa mita kama hiyo ni sawa na kupima unene wa unywele kwa rula ya shule. Hapana budi kwanza kugusanisha ncha mbili za mita, kuandika inachosoma, na kukiondoa katika kipimo cha koili. Na hata hapo shaka hubakia. Njia iliyo bora imejulikana tangu karne ya 19, nayo inahusishwa na William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Unapitisha katika koili mkondo unaoujua, kwa mfano ampea 1, kwa nyaya mbili. Kisha kwa nyaya nyingine mbili unapima volti moja kwa moja kwenye miguu ya koili. Ukisoma milivolti 200, ukinzani ni omu 0.2, na ukinzani wa nyaya haumo katika hesabu. Vipo pia vipima-koili vidogo vilivyotengenezwa kwa kazi hii, na mwenye bomba lisilo na kinga hana udhuru wa kukikosa.

Kipimo kikishapatikana, yafaa kisomwe kwa akili. Mita ikisoma sifuri, kuna shoti: mguu wa koili umegusa ukuta wa bomba, au kihami kilichotenganisha ncha mbili kimeyeyuka. Ikisoma kwamba hakuna njia kabisa, waya umekatika au skrubu haikukaza. Ikiwa namba inarukaruka unapoigusa koili kwa kijiti, muungano umelegea, na namba yoyote uliyoiona haifai kuaminiwa. Aidha, ni lazima kujua waya ni wa nini. Waya wa aloi ya chuma, kromi na aluminiamu haubadiliki sana ukinzani wake unapopata moto. Waya wa nikeli hubadilika mno: ukitoka katika joto la chumba hadi nyuzi 200 za Selsiasi, ukinzani wake huongezeka kiasi cha mara mbili. Kwa hiyo nikeli iliyo baridi huanza na ukinzani mdogo sana, na katika bomba lisilo na kinga betri ndiyo inayobeba mzigo wa mwanzo huo.

Sasa tuje kwenye maungio, ambayo watu huyafikiria kuwa ni jambo la usafi tu. Vipande viwili vya metali vikigusana, hata kama vinaonekana laini kama kioo, hugusana kweli katika nukta chache tu, na mkondo wote hulazimika kupita katika nukta hizo. Vikipata uchafu, jasho la mkono, au utando wa oksaidi, nukta hizo hupungua na ukinzani huzidi. Tuseme koili ni ya omu 0.2, na maungio yote kwa pamoja yameongeza omu 0.05 tu. Mkondo utakuwa ampea 16.8. Koili itapata wati 56, na maungio yatapata wati 14. Wati 14 hazikaribii za koili, lakini si mbali sana na za pasi ndogo ya kulehemu ya fundi redio. Nazo zinawaka kwenye hesi, kwenye kitufe, na kwenye uso wa betri. Springi ya kitufe ikipashwa moto namna hiyo mara kwa mara hulegea na kupoteza nguvu yake ya kusukuma. Kitufe hubakia kimebonyezwa, na umeme hauna tena wa kuukata.

Matunzo yake si magumu. Betri itolewe kwanza. Hesi, kitufe na nukta ya katikati vifutwe kwa kitambaa kikavu, kisha kwa spiriti kidogo, na viachwe vikauke kabisa. Msasa mkali usitumike, kwani huondoa ngozi nyembamba ya fedha au dhahabu iliyopakwa juu ya metali na kuacha mikwaruzo inayokaribisha uchafu mpya. Nukta ya katikati ya kichwa cha koili ni lazima ichomoze waziwazi kupita ukingo wake. Isipochomoza, ukingo ambao ni hasi hugusa uso wa betri ambao ni chanya, na hapo shoti hukamilika pasipo kupitia koili. Betri yenye ganda lililochanika isitumike hata mara moja, na betri ya akiba isichanganywe mfukoni na funguo au sarafu.

Wako watakaonipinga kwa upande mmoja wakisema kwamba uzuri wa chombo hiki ni urahisi wake: hakina cha kuharibika, na mtu yeyote anaweza kukitengeneza. Hoja hiyo inanigusa, kwa kuwa sisi ni watu wa kutengeneza vitu tulivyonavyo. Lakini uchache wa vipande haupunguzi wajibu, unauhamisha tu. Nyumba isiyo na fyuzi nayo ni rahisi zaidi kuliko yenye fyuzi. Sote tumewahi kuona fyuzi iliyoungua ikifungwa uzi wa waya ili taa ziwake usiku ule, na sote tunajua kwamba waya huo haulindi kitu.

Wako wengine watakaonipinga kwa upande wa afya. Watasema kwamba kumweleza mtu jinsi ya kupima koili ni kumpa ruhusa ya kuvuta, na kwamba dawa ni kupiga marufuku. Jirani zetu wa Uganda walifanya hivyo kwa sheria yao ya tumbaku ya mwaka 2015, na sina ugomvi na uamuzi huo. Hata hivyo marufuku haikivunji chombo ambacho tayari kimo mfukoni mwa kijana, wala haiibatilishi kanuni ya Ohm. Kunyamaza kwetu hakutamfanya aache. Kutamfanya ajifunze kwa muuzaji, ambaye faida yake imo katika kuuza. Zaidi ya hayo, betri ile ile ya lithiamu imo katika tochi, katika vifaa vya kuchajia simu, na katika baiskeli za umeme. Anayejifunza hapa atajinusuru kwingine.

Lawama nyingine naielekeza kwetu sisi walimu. Katika vitabu vyetu vya fizikia waya huchorwa kama mstari usio na ukinzani, na muungano huchorwa kama nukta nyeusi isiyo na tabia yoyote. Mwanafunzi hufaulu mtihani wa kanuni ya Ohm bila kuambiwa kwamba nukta ile nyeusi inaweza kuwaka moto. Dereva ambaye gari lake halistati kwa sababu ya ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri, na mwenye nyumba ambaye plagi yake imeyeyuka ndani ya soketi iliyolegea, wote wawili wameshindwa na jambo lile lile ambalo hatukuwafundisha. Vipimo viwili vya maabara, kimoja cha ukinzani mdogo kwa nyaya nne na kimoja cha volti zinazopotea katika muungano, vinatosha kulisahihisha, na vifaa vyake havizidi betri, mita moja na vipande vya waya.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, vyombo vya umeme vya kushikwa mkononi vyenye betri ya lithiamu visiruhusiwe kuuzwa bila kinga ya mkondo, iwe kibao cha elektroniki au walau fyuzi. Pili, wakaguzi wa viwango wapime betri zenyewe badala ya kusoma maandishi ya ganda. Tatu, shule zetu za sekondari ziyaingize maungio katika somo la umeme kama sehemu ya saketi yenye ukinzani wake. Mpaka hayo yatakapotimizwa, mwenye bomba la namna hiyo asibonyeze kitufe kabla hajaipima koili yake na kuyafuta maungio yake. Na asiyeweza kufanya hayo mawili, akiweke chini.