Moshi wa Halmashauri Uhesabiwe Kwanza

Asubuhi moja hivi karibuni tulisimama kando ya barabara iingiayo mjini, tukaona jambo ambalo wasomaji wetu wengi wamekwisha kuliona. Mtu mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa alikamatwa na mgambo wa halmashauri. Akaambiwa mbele ya watu kwamba yeye na wenzake ndio wanaomaliza misitu na kuharibu hali ya hewa ya nchi. Mkaa ukatwaliwa. Hatuna ugomvi na sheria ya kulinda misitu, nayo ni sheria njema. Lakini gari lililokuja kuubeba mkaa ule lilisimama pale karibu saa nzima, injini ikinguruma bila kwenda popote, ili waliokaa ndani wapate ubaridi. Mwenye baiskeli akalitazama gari, akatutazama na sisi, asiseme neno. Tulisoma usoni pake swali lililo halali kabisa: Na moshi wa gari hili, nani atauhesabu?

Swali hilo ndilo tunalolileta leo mbele ya madiwani, wakurugenzi na wafanyakazi wote wa halmashauri zetu.

Dunia inazidi kupata joto kwa sababu ya hewa ya ukaa na gesi nyingine zitokazo katika mafuta, makaa ya mawe, misitu inayochomwa na takataka zinazooza. Wataalamu wametuonya kwamba joto likizidi, mvua kubwa nazo huzidi ukali. Watu wa Rufiji waliozungukwa na mafuriko Aprili 2024, na watu wa Mafia na pwani ya kusini waliofikiwa na kimbunga Hidaya Mei 2024, hawahitaji kuhubiriwa sana juu ya nguvu ya maji na upepo. Nchi yetu imo katika Mapatano ya Paris ya mwaka 2015, na mwaka 2021 ilitoa ahadi kwamba ifikapo 2030 itapunguza gesi hizi kwa asilimia 30 hadi 35, zikilinganishwa na kiasi ambacho zingefikia kama hakuna lililofanywa.

Ahadi hiyo ilitolewa na Serikali kuu, lakini haiwezi kutimizwa Dodoma peke yake. Serikali za mitaa, zilizofutwa mwaka 1972 na kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982, ndizo zenye shule, zahanati, masoko, machinjio, vituo vya mabasi na madampo. Halmashauri ni mwenye nyumba mkubwa kuliko wote katika wilaya. Basi mwenye nyumba akitaka wapangaji wafagie, yampasa kwanza ashike ufagio yeye mwenyewe.

Tunasema hivi kwa sababu historia imetufunza. Watu wa milima ya Uluguru wanakumbuka habari ya matuta. Wakoloni waliona udongo wa milima ile unachukuliwa na maji, wakaamuru kila mtu achimbe matuta. Kuhifadhi udongo lilikuwa jambo jema. Lakini amri ilitoka kwa watu wasioshika jembe, ikamwangukia mkulima peke yake, ikafuatwa na faini na kifungo. Mwaka 1955 watu wakakataa, ghasia zikatokea na damu ikamwagika. Kazi iliyokusudiwa kuokoa ardhi ikageuka kuwa alama ya uonevu, na matuta yakaachwa. Nasi leo tukianza kulinda hali ya hewa kwa kumkimbiza mwenye baiskeli huku gari la halmashauri linanguruma, tutavuna mavuno yale yale.

Halmashauri ianzie wapi? Sisi twaona ianzie dampo.

Watu wengi hudhani moshi wa magari ndio ubaya wote. Lakini katika miji yetu zaidi ya nusu ya takataka ni maganda, mboga, majani na mabaki ya chakula. Takataka hizo zikirundikwa pamoja na nyingine, zikakosa hewa, huoza na kutoa gesi iitwayo methani. Haina rangi, na wala mtu hawezi kuiona ikipanda. Lakini katika muda wa miaka 100, tani moja ya methani huzuia joto kiasi cha mara 28 kuliko tani moja ya hewa ya ukaa. Tena ndiyo hiyo inayosaidia madampo kuwaka moto usiozimika, na moshi wake kuingia katika nyumba za maskini wanaoishi kando.

Dawa yake si ya ajabu. Takataka zinazooza zitengwe pale pale sokoni, kabla ya kuchanganywa na plastiki na chupa, kisha zigeuzwe mboji kwa kupinduliwa mara kwa mara ili zipate hewa. Katika Manispaa ya Kinondoni, huko Mabwepande, kipo kiwanda cha mboji kilichojengwa kwa kazi ya namna hiyo, kwa ushirikiano na mji wa Hamburg wa Ujerumani ambao umekuwa rafiki wa Dar es Salaam tangu 2010. Si kila halmashauri itapata kiwanda. Lakini kila halmashauri ina soko, na kila soko lina kona ambapo maganda ya ndizi yanaweza kurundikwa peke yake. Lori litakwenda dampo mara chache zaidi, mafuta yatapungua, na mkulima wa mboga atapata mbolea. Kazi hii inataka mikono mingi. Kwa hiyo wafagiaji na wazoa takataka wapewe glavu, buti na mshahara unaostahili, wala wasionekane kuwa watu wa chini. Wao ndio askari wa mstari wa mbele katika vita hii.

Baada ya dampo, tuingie jikoni. Shule na hospitali za halmashauri hulisha maelfu ya watu, na nyingi zimezoea kupika kwa kuni. Serikali ilikwisha kuziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na kikomo kilichowekwa kilikuwa mwisho wa Januari 2024. Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa taifa wenye lengo la kuwafikishia asilimia 80 ya wananchi nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Maagizo hayo ni mazuri, lakini agizo halipiki ugali. Mwalimu mkuu asiye na fedha ya kununua jiko la gesi au la umeme atarudi kwenye mafiga matatu, na mpishi wake atarudi kwenye moshi unaomtia wekundu machoni na kikohozi kifuani. Fedha ya majiko itengwe katika bajeti, tena iandikwe kwa jina lake. Mahali ambapo gesi haijafika, jiko banifu lililojengwa vizuri hupunguza kuni nyingi, na samadi ya machinjio inaweza kutoa gesi ya kupikia. Mkaa ndio wa kuachwa kwanza, kwa maana katika tanuri la udongo kilo moja ya mkaa huweza kula kilo saba za kuni au zaidi.

Sasa turudi kwenye gari. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Tuchukue mfano wa gari moja la halmashauri linalotumia lita 20 kwa siku, siku 250 za kazi kwa mwaka. Hizo ni lita 5,000, nazo hutoa zaidi ya tani 13 za hewa ya ukaa. Mtanzania, kwa wastani, hatoi hata nusu tani kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Gari moja limechoma fungu la watu zaidi ya 26! Hatusemi mganga wa wilaya aende kwa miguu, wala mjamzito asipelekwe hospitali. Twasema injini izimwe gari linaposimama. Wakubwa watatu wanaokwenda kijiji kimoja wapande gari moja. Na gari lenye namba za SM lisionekane harusini siku ya Jumamosi.

Juu ya umeme hatutasema mengi. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza sana umeme wa maji nchini. Hata hivyo sehemu ya umeme wetu bado hutokana na gesi. Taa za barabarani na za ofisini ziwe za LED, ambazo hula umeme mdogo. Zahanati iliyo mbali ipate nguvu ya jua badala ya jenereta.

Lakini mambo haya yote yatabaki kuwa hotuba kama hakuna daftari. Kila halmashauri iwe na daftari lenye safu nne: lita za mafuta, yuniti za umeme, malori ya kuni, na tani za takataka zilizopelekwa dampo. Hesabu hizo zibandikwe ukutani kama zinavyobandikwa hesabu za fedha, na zisomwe katika baraza la madiwani kila robo mwaka. Asiyejua alichotumia jana hawezi kusema atapunguza nini kesho. Na fedha itakayookolewa ionekane ilikokwenda. Lita zilizookolewa zikigeuka dawa katika zahanati, hakuna mwananchi atakayeuliza faida ya kazi hii.

Wako watakaosema, "Nchi tajiri ndizo zilizoijaza dunia moshi kwa miaka zaidi ya mia mbili, kwa nini sisi tubanwe?" Neno hilo ni la kweli, nasi hatutaacha kulisema. Waliochafua zaidi walipe zaidi. Lakini deni la tajiri halimpi mtu ruhusa ya kupoteza mali yake mwenyewe. Mafuta yanayochomwa bure barabarani hununuliwa kwa ushuru wa mama anayeuza nyanya. Kuni zinazochomwa jikoni shuleni hutoka katika vilima vinavyotunza maji yetu. Milima ile ile ya Uluguru ndiyo inayoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo hatutajengewa na mtu wa nje.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, jambo hili lisiachwe kwa wataalamu peke yao. Dereva anajua safari isiyo na maana. Mpishi anajua jiko linalokula kuni. Mfagiaji anajua kinachotupwa sokoni. Waitwe, waulizwe, wasikilizwe. Nanyi mwulizeni diwani wenu katika mkutano ujao: Daftari liko wapi?

Siku halmashauri itakapokuwa imebandika hesabu yake ukutani, imezima injini yake na kusafisha jiko lake, ndipo itakapoweza kumsimamisha yule mwenye baiskeli na kuzungumza naye kama ndugu juu ya kazi nyingine ya kumpatia riziki. Naye atasikiliza, kwa sababu atakuwa ameona kwa macho yake kwamba mzigo huu unabebwa na wote.